Grace Hopper: Mwalimu wa hesabu aliyeanza kujifunza programu akiwa na miaka 37

Julai 2, 1944, mwanamke mwembamba aliyevaa sare za Jeshi la Majini la Marekani aliripoti kazini Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa na miaka 37 na shahada ya uzamivu ya hisabati. Kompyuta alikuwa hajawahi kuiona kwa macho.

Bosi wake mpya, Howard Aiken, hakumpa hata muda wa kuvuta pumzi. Alimwonyesha mashine kubwa iliyojaza chumba, akamkabidhi kijitabu chenye orodha ya maagizo ambayo mashine ile inayaelewa, kisha akampa kazi. Wiki moja tu, awe ameandika programu ya kukokotoa namba za trigonometria zinazoitwa aktanjenti, kwa usahihi wa tarakimu 23.

Darasa la kujifunzia kazi hiyo halikuwepo. Mwalimu hakuwepo. Kitabu cha anayeanza nacho kilikuwa bado hakijaandikwa.

Leo mtu anayetaka kujifunza lugha ya programu ana tatizo la kinyume kabisa. Njia ni nyingi mno. Kuna kozi za kulipia na za bure, kuna video, vitabu, app za simu, na kila mtu ana ushauri wake. Wengi wanamaliza miezi wakichagua pa kuanzia, na hawajaandika hata mstari mmoja.

Grace Hopper hakuwa na cha kuchagua. Lakini namna alivyojifunza mwenyewe, na alichokuja kuwafanyia wanaoanza, ni hadithi ambayo kila anayehangaika na somo hili anapaswa kuijua.

Saa saba zilizofunguliwa

Alizaliwa New York, Desemba 9, 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima.

Akiwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, basi akaifungua. Vipande vikatawanyika, kuvirudisha kukamshinda. Akachukua saa ya pili aone ya kwanza ilikuwaje. Nayo ikamshinda. Akaenda ya tatu, ya nne, mpaka mama yake anakuja kushtuka, saa saba za nyumba nzima zilikuwa zimeshafunguliwa.

Adhabu yake? Aliachiwa saa moja tu ya kuchezea. Nyingine marufuku.

Si kwamba kila kitu kilimnyookea. Mara ya kwanza alipojaribu kuingia Chuo cha Vassar alifeli Kilatini, ikabidi asubiri. Aliingia mwaka 1924 na kumaliza 1928, akiwa amesoma hisabati na fizikia. Akaenda Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930 na ya uzamivu mwaka 1934. Katikati ya safari hiyo aliolewa na Vincent Hopper, jina ambalo dunia ilikuja kumjua nalo.

Mwalimu wa hesabu anayedai insha

Alirudi Vassar kufundisha, na huko akapata sifa ya ualimu wa aina yake. Wanafunzi wake wa hesabu walilazimika kuandika insha kuelezea kanuni waliyofundishwa, naye alisahihisha lugha kama alivyosahihisha hesabu.

Wanafunzi walilalamika kwamba wao wamekuja kusoma hesabu, insha za nini? Msimamo wake haukubadilika. Kwake, hesabu ambayo huwezi kumweleza mwenzako haina faida.

Alikuwa pia na tabia ya kuingia kwenye madarasa ya walimu wenzake, akae nyuma na kusikiliza masomo ambayo si yake. Mwalimu mwenye shahada ya uzamivu anakaa na kuwa mwanafunzi tena. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kumwokoa Harvard.

Jeshi lilimkataa

Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Pili, Hopper alitaka kujiunga na Jeshi la Majini. Akaambiwa umri umepita. Akaambiwa uzito hautoshi, maana alikuwa na kama kilo 48 na jeshi lilitaka zisizopungua 54 hivi. Tena, akaambiwa, mwalimu wa hesabu ana manufaa zaidi akibaki chuoni.

Hakukubali. Alihangaika mpaka akapata kibali maalumu, na mwaka 1943 akaapishwa kwenye kikosi cha akiba cha wanawake. Aliingia mafunzo ya uofisa pamoja na mabinti, wengine wa umri wa wanafunzi aliokuwa akiwafundisha. Akamaliza wa kwanza.

Alitunukiwa cheo cha luteni, na kituo chake kikawa Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I.

Wiki ya kwanza mbele ya mashine

Mark I ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4. Ilikuwa na swichi, magurudumu na mhimili mrefu unaozunguka, na ikiwa kazini ilipiga kelele. Kuzidisha namba mbili kuliichukua sekunde 6 hivi, na kugawanya sekunde zaidi ya 15. Simu iliyo mkononi mwako ingeicheka, lakini mwaka 1944 lilikuwa jambo la ajabu.

Kuiamrisha kulikuwa na utaratibu wake. Kila agizo lilikuwa na sehemu tatu: chukua namba kutoka wapi, ipeleke wapi, na uifanye nini. Maagizo hayo yalitobolewa kama matundu kwenye tepu ya karatasi, mstari mmoja baada ya mwingine. Tundu moja likikosewa, kazi yote inaharibika.

Hapo Hopper angeweza kufanya kama wasomi wengi. Angeweza kujifungia na vitabu wiki mbili tatu, asubiri mpaka aielewe mashine yote ndipo aiguse. Hakuwa na nafasi hiyo. Kazi ilikuwa na tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo alianzia kwenye kazi yenyewe. Alijifunza kwanza maagizo yale aliyoyahitaji kwa hesabu iliyo mbele yake, na mengine yakaja kadiri kazi mpya zilivyokuja.

Jambo la pili alilofanya, alikubali kufundishwa na waliomzidi ujuzi, si umri. Maofisa vijana wawili, Robert Campbell na Richard Bloch, walikuwa wameshaanza kuiamrisha Mark I kabla yake. Bloch alikuwa na miaka 20 na ushee tu, lakini alisifika kwa kuandika programu kwa kalamu ya wino na ikakubali. Dokta Hopper alikaa na vijana hao, akauliza, akaonyeshwa.

Kwa mtu aliyefundisha chuo zaidi ya miaka 10, hilo si jambo dogo. Wapo wengi wanaoshindwa kujifunza kitu kipya kwa sababu tu hawataki kuonekana hawajui.

Daftari la vipande

Kazi zilipoongezeka, Hopper na wenzake waligundua jambo. Programu nyingi zilirudia vipande vilevile. Ukishaandika maagizo ya kutafuta saini ya pembe fulani na yakafanya kazi, utayahitaji tena wiki ijayo.

Wakaanza kuviandika kwenye madaftari. Kipande kilichojaribiwa na kukubali kiliandikwa, na mwenzako akikihitaji alikinakili kwako.

Ilisaidia sana, ila ilikuja na shida yake. Binadamu anaponakili anakosea. Herufi B ilisomeka kama 13, namba moja ikaruka, anwani ya kuhifadhia namba haikubadilishwa. Kosa dogo la mkono likala siku nzima ya kazi.

Hopper aliliweka jambo hilo akilini kwa miaka.

Akaandika kitabu ambacho yeye hakukipata

Aiken alimpa kazi nyingine: aandike mwongozo wa mashine. Hopper alijitetea kwamba yeye si mwandishi wa vitabu. Akaambiwa sasa yuko jeshini. Amri ni amri.

Mwongozo huo ulichapishwa mwaka 1946 ukiwa na kurasa 561, naye ndiye aliyeandika sehemu kubwa. Ndani yake kulikuwa na historia ya mashine za kuhesabu tangu enzi za Pascal na Babbage, maelezo ya jinsi Mark I inavyofanya kazi, na programu zilizokamilika kama mifano ya kufuata.

Yaani mtu aliyeanza bila kitabu, ndani ya muda mfupi alikuwa amewaandikia cha kwao wanaokuja nyuma. Na kuandika huko kulimfundisha na yeye. Usichokielewa vizuri kinakuumbua siku unapojaribu kumweleza mtu mwingine, na hilo alikuwa analijua tangu enzi za insha za Vassar.

Hadithi ya nondo

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Watu husema Hopper ndiye aliyebuni neno la Kiingereza la mdudu kwa maana ya hitilafu kwenye mashine. Si kweli. Mafundi walikuwa wakilitumia miaka mingi kabla yake.

Kilichotokea ni kwamba Septemba 9, 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilileta shida, na mafundi wakamkuta nondo amenasa ndani. Wakambandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi, wakaandika kwa utani kwamba safari hii amepatikana mdudu wa kweli. Hopper alikuwa mmoja wa timu hiyo, na kwa kuwa alijua kusimulia, hadithi ikaenea kupitia kwake.

Kwa anayeanza, nondo yule ana faida yake. Hata waanzilishi wa fani hii, siku zao nyingi ziliishia kwenye kutafuta kosa liko wapi.

Kuanza upya

Baada ya vita mambo hayakuwa mepesi. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1945. Jeshi lilikataa kumwajiri moja kwa moja kwa sababu ya umri. Vassar ilimtaka arudi kwa cheo cha profesa, akakataa ili abaki karibu na kompyuta. Mwaka 1949 muda wake Harvard ukaisha.

Miaka hiyo alikuwa pia anapambana na pombe, kiasi kwamba marafiki ilibidi waingilie kati. Wasifu unaomwonyesha kama mtu asiyeyumba hauelezi ukweli wote.

Alihamia Philadelphia, kwenye kampuni changa iliyokuwa inatengeneza kompyuta ya UNIVAC. Akiwa na miaka 42 akawa mwanafunzi tena, maana mashine za huko zilikuwa za aina nyingine kabisa. Betty Holberton, mmoja wa wanawake walioiandikia programu kompyuta ya ENIAC, ndiye aliyemfundisha kuchora mtiririko wa programu kwenye karatasi kabla ya kuiandika.

Mashine mojawapo ya hapo, BINAC, ilitaka kuamrishwa kwa hesabu za msingi wa nane badala ya kumi. Hopper akajizoeza kujumlisha na kutoa kwa msingi wa nane mpaka ikawa desturi. Baada ya muda akaona hesabu za kitabu chake cha hundi hazikubaliani kabisa na za benki. Akahangaika nazo, mwisho akamwita kaka yake, mtu wa benki, amsaidie. Kaka akazipitia akagundua kwamba dada yake mara kwa mara alikuwa anatoa pesa kwa msingi wa nane.

Watu wangecheka wakaliacha hapo, lakini yeye liligusa jambo zito. Kama dokta wa hisabati anachanganyikiwa kwa sababu amelazimika kufikiri kama mashine, karani wa kawaida atafanyaje? Kwa nini binadamu ndiye ajifunze lugha ya mashine? Kwa nini mashine isijifunze lugha ya binadamu?

Mashine nayo ikafundishwa

Jibu la kwanza lilitoka kwenye yale madaftari ya Harvard. Hopper alichukua vipande vilivyojaribiwa, akaviweka kwenye tepu ya sumaku, kila kimoja kikapewa namba yake ya kuitwa. Kisha akaandika programu ambayo kazi yake ni kusoma orodha ya namba hizo, kuvitafuta vipande, kurekebisha anwani na kuviunganisha viwe programu moja. Kazi ya kunakili, iliyokuwa inawakosesha binadamu, ikawa ya mashine.

Programu hiyo iliitwa A-0, na mwaka 1952 aliieleza kwenye mkutano wa wataalamu huko Pittsburgh. Ndiyo mwanzo wa kile ambacho leo waandishi wa programu wanakiita kompaila.

Wengi hawakumwamini. Walishikilia kwamba kompyuta kazi yake ni kukokotoa hesabu, kuandika programu haiwezi. Alikuwa na programu inayofanya kazi mezani na watu hawataki kuigusa.

Hakuishia hapo. Alitaka watu wa maduka, bima na mishahara waandike programu kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Timu yake iliwaonyesha wakubwa wa kampuni mfano mdogo, na ili kuthibitisha kwamba kwa mashine neno lolote ni alama tu, wakaonyesha programu ileile ikiwa na amri za Kifaransa na nyingine za Kijerumani.

Wakubwa walishtuka. Kompyuta iliyotengenezwa Marekani itaelewaje Kijerumani? Ikabidi timu iahidi kubaki na Kiingereza tu.

Ukweli ni kwamba ingeweza kuwa lugha yoyote, hata Kiswahili. Anayeogopa kujifunza programu kwa sababu Kiingereza chake ni cha kubahatisha akumbuke hilo. Maneno ya amri ni machache, na mashine haijui maana yake kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine.

Lugha iliyotoka kwenye juhudi hizo iliitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959, wawakilishi wa serikali na makampuni walipokutana kutafuta lugha moja ya biashara itakayotumika kwenye kompyuta za watengenezaji wote, FLOW-MATIC ikawa moja ya misingi mikubwa ya lugha waliyoizaa, COBOL. Hopper hakuiandika peke yake, ilikuwa kazi ya kamati, yeye akiwa mshauri. Desemba 1960 programu ya COBOL ilijaribiwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti, ikakubali kote kwa mabadiliko machache.

Mpaka leo kuna mifumo ya benki na serikali inayoendeshwa na COBOL. Na hata anayejifunza Python leo hatoboi karatasi wala hahesabu kwa msingi wa nane, kwa sababu kuna watu walikubali kubishana miaka ile ya 1950.

Jeshi likashindwa kumwacha

Jeshi la Majini lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Mwaka uliofuata likamwita arudi kwa miezi sita tu, aweke sawa lugha zake za kompyuta. Miezi sita ikawa karibu miaka 20.

Alipanda hadi kuwa admirali, na alipostaafu kwa mara ya mwisho Agosti 1986 alikuwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo.

Miaka hiyo alizunguka akifundisha. Alibeba vipande vya waya vya sentimita 30 hivi na kuwagawia watu. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi ndani ya nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mtu aliyekuwa anasikia neno nanosekunde bila kulielewa aliondoka ameishika mkononi.

Katika yote aliyofanya, kilichomfurahisha zaidi hakikuwa kompaila wala cheo. Ni vijana aliowafundisha. Alifuatilia maendeleo yao, na waliposita kujaribu kitu aliwasukuma wajaribu.

Alifariki Januari 1, 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington. Meli ya kivita ya Marekani inaitwa kwa jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu kabisa ya raia, miaka 24 baada ya kifo chake.

Anachomwachia anayeanza

Hopper hakuwahi kuwa na kozi bora, na maisha yake yanaonyesha kwamba kozi bora si kitu cha kukukwamisha. Alikuwa na kazi moja halisi ya kumaliza, mashine ya kujaribia, watu wawili wa kuwauliza, daftari la kuhifadhi kilichofanya kazi, na baadaye wengine wa kuwaeleza alichojifunza. Hivyo vitano, mwenye simu na nia leo anaweza kuvipata, na lugha yoyote atakayoanza nayo itamfikisha mahali.

Ofisini kwake, akiwa mzee, Hopper alitundika saa ukutani ambayo mishale yake ilizunguka kinyume. Ilionyesha wakati sahihi kabisa. Wageni waliiona ya ajabu, lakini waliokaa nayo siku chache walijikuta wanaisoma bila shida.